Mzani wa maharage

Walisema ni karuho. Kwetu Goma mtu akivimba miguu na kukosa pumzi, hilo ndilo neno la kwanza: amelishwa sumu. Kitinda mimba wangu alikuwa na wiki 3 tu. Mama mkwe akanipeleka kwa mtaalamu wa karuho, akanitapisha siku mbili nzima. Uvimbe haukushuka. Usiku nilisinzia nimekaa, mgongo ukutani, maana nikijilaza tu nilijiona nazama ziwani.

Hospitalini daktari alinipima kwa mashine ya picha, akasema, "Mama, hakuna aliyekulisha kitu. Moyo umepanuka kwa ajili ya uzazi, hauna nguvu ya kusukuma damu." Wakanichoma sindano za furosemidi, nikakojoa usiku kucha. Kulipopambazuka nikaona kifundo cha mguu wangu, kile kifupa cha pembeni kabisa, nikalia.

Nilirudi nyumbani na furosemidi ya miligramu 40 na spironolaktoni ya 25. Zote niliziita vidonge vya mkojo, na hapo ndipo nilipokosea. Furosemidi ina haraka: ukiimeza, saa moja haiishi unatafuta choo, na ikifika mchana imemaliza kazi. Mimi nauza maharage soko la Virunga, na choo cha sokoni ni cha foleni, basi nikawa naimeza saa 11 alfajiri kabla ya kutoka. Spironolaktoni haikunikimbiza popote. Nikaona ni pesa za bure, nikaiacha. Daktari aliposikia alikasirika kweli. Akanieleza kwamba utafiti wa 1999, kwa wagonjwa ambao moyo ulikuwa umechoka sana, ulionyesha dawa hiyo ikiongezwa hupunguza vifo kwa asilimia 30. Tena furosemidi hutoa potasiamu mwilini, hii huibakiza, ndiyo maana damu na figo lazima zipimwe.

Halafu shemeji wa Brussels akatuma torasemidi, "dawa ya Ulaya". Nilizoea 40, nikameza 40. Siku ya tatu nikaanguka sokoni juu ya magunia yangu mwenyewe, kizunguzungu, mashavu ya miguu yamekaza kama kamba. Kumbe torasemidi 20 ndiyo inayolingana na furosemidi 40 ya kumeza. Nikamuuliza daktari kama basi ni bora zaidi. Akasema huingia mwilini kwa uhakika zaidi, ila Wamarekani walizilinganisha kwa wagonjwa zaidi ya 2,800, majibu yakatoka 2023: vifo havikutofautiana. "Na hiyo boksi ikiisha, mama, utaipata wapi hapa?"

Januari 2025 vita vikaingia mjini. Umeme hakuna, maji hakuna, watu wanashuka ziwani na bidoni za njano huku risasi zinalia. Maduka ya dawa yamefungwa. Nilikuwa na vidonge 6 vya furosemidi. Jirani akaniletea hidroklorotiazidi yake ya presha: "Chukua dada, nayo inakojoza." Nilimshukuru, nikamrudishia. Peke yake haina nguvu ya kutosha kwa maji kama yangu, na daktari akiiongeza juu ya furosemidi hutaka damu ipimwe. Mashine ya kupima ningeipata wapi siku zile? Yeye mwenyewe presha angeituliza na nini?

Makayabu, wale samaki wa chumvi, niliwaachia watoto. Mimi nikala bugali na lengalenga bila punje ya chumvi, furosemidi nikameza siku moja, nikaruka moja. Sisemi ni vizuri. Mzani wa maharage nilikuwa nimeurudisha nyumbani, nikawa naupanda kila asubuhi kabla ya chai: 58, 58 na nusu, 60. Kwenye 60 miguu ilianza kuacha alama ya kidole, nikarudi kulala nimekaa.

Duka la dawa la mtaani lilipofunguliwa nusu mlango, nilikuwa wa nne kwenye foleni. Baada ya siku 4 nikarudi sokoni, nikaushusha mzani, nikaupanda mbele ya watu wote.

"Mama, leo unajiuza kilo ngapi?" wenzangu wakacheka.

"58," nikawajibu, "na bei haipungui."