Supu Iliyoshuka Mlima

Wifi yangu mpenzi,

Salamu kwanza, kicheko baadaye. Najua ukiifungua barua hii utamwambia kaka, "Dada yako kapanda mlima mzima kwenda kupika supu ya viazi." Nimepanda, wifi. Tena nimeshuka nayo imeganda kama mawe, vikopo kumi na kimoja, na mwezi wa Shaabani unakwisha huku mimi futari yangu ikiwa nusu tayari. Mlaze mtoto kwanza, ndiyo usome.

Basi la Lushoto liliondoka Tanga saa kumi na mbili alfajiri, yaani saa moja kasorobo kwa saa za abiria. Nauli 10,000. Deli langu la bluu nililiweka miguuni likiwa tupu, na kila aliyepita alilipiga teke akaomba radhi. Muheza machungwa yakaja dirishani kama kawaida, nikanunua ya 2,000 ingawa nakwenda kwenye nchi ya mapeasi. Sijui kwa nini siwezi kulikataa chungwa la Muheza. Mombo jua lilikuwa kali, nikala hindi la kuchoma huku jasho linatiririka, na sweta langu begani likinicheka.

Ukitoka Mombo ndipo kona zinapoanza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akitamba kwa simu tangu Segera, anapanga biashara za mamilioni. Kona ya tatu akanyamaza, ya tano akaniomba chungwa. Tulipofika Soni nikavaa sweta. Lushoto stendi nikajifunga na khanga juu yake, na mama mdogo aliyekuja kunipokea akacheka hadi akashika mlingoti. "Watu wa Tanga mna baridi ya kununua," akasema.

Hatukwenda nyumbani, tulinyoosha sokoni. Wifi, kabichi za kule ni kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe! Viazi mviringo vinauzwa kwa sado, na bei ilianza 6,000, ikaishia 5,000, kisha muuzaji akaongeza na cha juu ili nisinune. Akaniambia hivi vinaitwa Obama. Nikamuuliza kwa nini, akajibu vinapendwa, basi. Mama mdogo hakujali jina, alikuwa anapekua kimoja kimoja akirudisha vyenye rangi ya kijani. Anasema kijani cha kiazi ni uchungu na sumu, na kwenye supu hutakiona tena cha kukitoa. Tukachukua sado mbili, karoti, vitunguu, na fungu la giligilani la 500 ambalo Tanga ungelipata nusu yake.

Sasa nikupeleke jikoni kwake. Mama mdogo ana friza ya kulala, na anaiangalia kama mtu aliyekopeshwa. Ndani ametundika kipimajoto, utadhani kuna mgonjwa humo, na anataka kisome nyuzi 18 chini ya sifuri. Nafasi zote tupu amezijaza chupa za maji zilizoganda. Nikadhani anauza barafu. Kumbe friza iliyojaa, umeme ukikatika na mfuniko ukabaki umefungwa, hushika baridi kama siku mbili. Ikiwa nusu, ni kama siku moja tu.

Kupika kwenyewe hakuna siri: vitunguu, saumu, karoti, viazi, pilipili manga, maji. Fujo ilianza nilipoleta bakuli la tui. Nilikuna nazi mbili kutoka Tanga, wifi, nimezibeba mlima wote! Mama mdogo akanizuia kwa mwiko. "Tui la kwenda kuganda? Likikatika utalipeleka kwa fundi cherehani?" Kwake tui, maziwa, ndimu na giligilani huingia siku ya kula, sufuria ikiwa mekoni. Kinachokwenda friza ni viazi na mchuzi wake tu, supu ambayo haijamalizika. Nazi zangu tukazipikia wali jioni ile, na sikujuta.

Ugomvi wa pili ulikuwa vipande. Mimi napenda supu yenye vipande, unatafuna unajua unakula kiazi. Yeye akachukua upekecho akavipekecha vyote vikawa uji, akisema kipande cha kiazi kikishaganda na kuyeyuka huwa sponji, maji huku na unga huku. Nikabisha. Akaniachia kikopo kimoja cha vipande, akakiandika jina langu kwa herufi kubwa. Kumbuka hicho kikopo.

Hapa sasa wifi usogee karibu, maana nimekutaja. Supu ilipoiva ilikuwa saa mbili usiku, na nje kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nikasema, tuifunike tuiache hapa mpaka asubuhi, kama tunavyofanya nyumbani, kama wifi yangu wa Dar anavyofanya. Mama mdogo alinitazama kwa muda. "Baridi ya nje inampoza mtu," akasema, "haipozi sufuria." Sufuria kubwa hukaa vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na vuguvugu ndiyo nyumba ya vijidudu. Nikaleta dawa yetu ya siku zote: si itachemshwa tena? Akasema kuna vijidudu vya vyakula vya wanga ambavyo havifi kwa kupikwa mara ya kwanza, vikipata uvuguvugu vinaamka na kuacha sumu, na sumu ile hata uichemshe inabaki. Nikafikiria sufuria zote nilizoziamkia asubuhi katika maisha yangu, nikaomba maji ya kunywa.

Basi tukapoza. Sufuria ndani ya beseni la maji, chupa za barafu pembeni, mimi nakoroga kwa upawa na sweta mbili mwilini. Maji yakipata moto tunamwaga, tunaweka mengine. Nimekwenda kwenye baridi ya Lushoto kukoroga barafu usiku! Ilipopoa tukaipakua kwenye vikopo vya lita moja moja, maana kikopo kidogo hupoa upesi na kinatosha mlo mmoja. Sharti la mama mdogo ni kwamba tangu supu itoke mekoni zisipite saa mbili kabla haijaingia kwenye friji au friza. Juu ya kila kikopo tuliacha nafasi ya vidole viwili, kwa kuwa supu ikiganda inavimba. Plasta ikabandikwa, tarehe ikaandikwa. Anasema ndani ya miezi mitatu ladha bado ipo, na mimi mwezi mmoja wa Ramadhani utanitosha.

Vikopo vikaisha, supu ikabaki ya lita moja hivi. Mama mdogo alipokwenda kuswali, nikaitia kwenye chupa ya jemu, nikaijaza mpaka shingoni kwa kuona haya kuimwaga, nikaichomeka nyuma ya samaki. Asubuhi nilipoketi kunywa chai, chupa ile ilikuwa mezani mbele ya kikombe changu, imepasuka kuanzia juu hadi chini, supu imesimama ndani kama mshumaa. Hakusema neno. Alinisogezea sukari.

Usiku wa pili nikashtuka, friza kimya. Nikakurupuka, nikafungua mfuniko niangalie hali ya vikopo vyangu. "Funga!" sauti ikatoka chumbani. "Kila ukichungulia unaitoa baridi." Nikaanza kulalamika gizani kuhusu umeme wa nchi hii, unavyokatika bila taarifa, mpaka nilipopeleka jicho dirishani nikaona taa za jirani zinawaka, na redio yake inaimba. Luku yetu ndiyo iliyokwisha. Nikanunua ya 10,000 kwa simu, friza ikaanza kunguruma, mama mdogo akageuka upande wa pili akalala. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga pasi nguo zote za safari siku ile.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mchezo. Vikopo tulivipanga ndani ya deli vikigusana, magazeti yakajaza mianya, chupa mbili za barafu juu, khanga ikafunika. Konda akalipima deli kwa jicho. "Mama, samaki tunatoza 3,000." Nikamwambia si samaki. Akasema madeli yote ni samaki. Nikamuuliza, "Mwanangu, samaki wanashukaje kutoka Lushoto kwenda Tanga?" Basi zima likacheka, naye akataka kuona. Nikamfunulia kidogo tu, akagonga kikopo kwa ukucha. "Supu?" Supu. Akaniandikia 1,000, kwa kile alichokiita mzigo usioeleweka. Mzee wa kiti cha nyuma aliniuliza mara mbili kama nauza aiskrimu.

Kuanzia Mombo joto lilianza kupanda na roho yangu nayo. Korogwe nilitamani kufunua nione, nikaikumbuka ile sauti ya "Funga!" nikaukalia mkono wangu. Nilifika nyumbani saa tisa mchana. Vikopo kumi vilikuwa vigumu, nikavipeleka friza moja kwa moja. Kimoja tu, kilichokuwa pembeni karibu na tundu la maji, kilikuwa kimelainika chote, hakina hata chembe ya barafu, ila kilikuwa baridi bado. Hicho hakirudi friza. Nikakiweka kwenye friji mpaka jioni, nikakichemsha hadi kikatokota kwelikweli, nikatia tui.

Kilikuwa kile cha vipande. Wifi, sponji! Unauma kiazi kinatoa maji kama kitambaa cha kupangusia meza. Nilikula chote kwa sababu ya kiburi, na nikipigiwa simu kutoka Lushoto nitasema kilikuwa kitamu. Nawe usinisaliti.

Vikopo viwili ni vyako, nimeviandika jina lako na tarehe. Jirani yetu anakuja Dar Ijumaa na nimemwachia deli. Ukivipokea, vyenye barafu virudishe friza hapohapo. Kilicholainika kama changu kile, kikiwa baridi bado kipikeni usiku uleule. Kikiwa kimepata vuguvugu, mwaga bila huruma. Siku ya kupika, kitoe usiku kikayeyuke ndani ya friji, si juu ya meza, kisha kitokote ndipo utie tui na ndimu. Mkibakisha, msikigandishe tena. Na mwambie kaka kwamba deli langu nalitaka lirudi, lile la mwaka juzi bado analiwekea misumari.

Wifi yako akupendaye,
Tanga