Jiko Jipya la Idi



Leo sikuja na darsa, maana sina elimu ya kutosha kulitoa. Nimekuja na habari ya jiko. Najua wapo watakaocheka, lakini nivumilieni kidogo, kwani jiko hili lilitusumbua nyumbani kwa muda wa miezi mitatu na likanionyesha jambo ambalo nilikuwa nalipita kila siku bila kuliona.

Siku ya Idd el-Adha ya mwaka 2024, hapa kwetu Buyenzi, tulikuwa tumekaa uani na wageni, mishikaki ya kondoo iko juu ya moto. Jiko letu lilikuwa la bati jepesi, limeliwa na kutu chini, na mimi nilikuwa nasema kila mwaka kwamba mwakani nitalibadilisha. Basi mwaka huo lenyewe likaamua. Tako lake likafunguka, makaa ya moto yakamwagika sakafuni, na kaa moja likasimama shubiri moja tu kutoka mguu wa mtoto wetu mdogo. Alhamdulillah hakuungua. Mama watoto alinitazama, hakusema neno. Nikaelewa.

Mwaka uliofuata, Idi ilipokaribia, nikaanza kutafuta. Bujumbura hakuna ugeni katika kuchoma nyama. Kila mtaa una mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, na mukeke wa ziwani, ambaye ndugu zetu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Tatizo letu Waislamu ni kwamba sehemu nyingi zinazochoma vizuri ni baa, na meza ya mishikaki ndiyo meza ya bia. Ndiyo maana familia nyingi huona bora kila mtu achome kwake uani, watoto wale wakiwa huru.

Kwanza nilifikiria imbabura za kawaida. Ile ya bati tupu ni rahisi, lakini inakula makaa kama ng'ombe anavyokula majani, na wakati huo petroli ilikuwa adimu, malori yanakuja kwa taabu, gunia linapanda bei kila nikigeuka. Ile yenye udongo wa kuchoma ndani, mtindo ulioenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, inatunza moto vizuri sana na inapunguza makaa. Kwa sufuria ya maharage au wali sijaona mfano wake. Lakini kwa mishikaki haifai, moto wake umekusanyika katikati, mdomo wake mdogo. Ukipanga mishikaki kumi, minne inaungua na sita inakutazama tu.

Shemeji yetu anayeishi Kanada alipopiga simu akanisihi nitafute jiko lenye kifuniko. Kule wanachoma kwa kuni, anasema, wanafunika na kuacha nyama ikae katika moshi saa nyingi. Akanieleza pia kwamba majiko yale ya duara yenye kifuniko yalianzia kwa Mmarekani mmoja aitwaye George Stephen, mwaka 1952, karibu na Chicago. Alikuwa akifanya kazi katika karakana ya chuma iliyotengeneza maboya ya kuelea majini. Akachukua boya, akalikata nusu, akapata jiko na kifuniko chake. Nilipomsimulia fundi wetu wa Buyenzi alicheka sana: "Sasa huyo si ni sisi tu, mzee!" Na kweli, hapa kwetu pipa la mafuta ndilo boya letu.

Lakini kabla sijafika kwa fundi, shetani wa bei nafuu alinipitia. Kuna baa ilikuwa imefungwa, mwenyewe anauza vitu. Jiko lake la chuma kizito, refu, limechomelewa vizuri, nusu ya bei ya jipya. Nikalitamani. Nikarudi nyumbani mbio kutoa habari. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, juu ya hilo jiko walikuwa wanachoma nini?"

Nikanyamaza. Nilijua. Hata kuuliza sikuwa nimeuliza, kwa sababu nilikuwa nalijua jibu na sikutaka kulisikia. Walikuwa wanachoma mbuzi, na nguruwe pia.

Nikaenda msikitini baada ya Alasiri, nikamuuliza shehe wetu. Nilidhani atanifukuza. Akanikalisha, akaniambia kwamba sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo linalokaribia hilo, kwa kuwa waliishi na watu waliopika nguruwe katika vyungu vyao na kunywa pombe katika vyombo vyao. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata wavioshe kwa maji kisha watumie. Kwa hiyo, akasema shehe, chuma kinasafishika, usimharamishie mtu alichohalalishiwa. Lakini je, wewe umekosa jingine?

Sikuwa nimekosa. Nilikuwa nakwepa gharama. Nikaliacha.

Sasa ndugu zangu, jambo lenyewe lililonifanya niandike ni hili. Siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni, nachora kwenye karatasi jiko ninalolitaka, refu la kutosha watu ishirini. Akapita mjukuu wa Bibi jirani yetu. Huyu Bibi ni Mkristo, mtu mzima sana, tumepakana ukuta. Kila Idi tunampelekea sahani yake ya kwanza kabisa, na mimi nilikuwa najivunia jambo hilo, wallahi nilikuwa najivunia. Nikamwambia yule binti, "Mwambie Bibi mwaka huu jiko ni kubwa, atakula mpaka achoke." Binti akasita, kisha akasema kwa adabu: "Baba, Bibi ana pumu. Siku zenu za kuchoma huwa tunamfungia ndani na madirisha yote. Mwaka jana hakula, alikuwa anakohoa."

Kumbe sahani yetu ilikuwa inafika baada ya moshi wetu! Miaka yote hiyo tunatoa fungu la jirani kwa mkono mmoja na kwa mwingine tunamziba pumzi. Na yeye hakusema hata siku moja, kwa heshima ya sikukuu yetu.

Nikaichana ile karatasi. Nilipokwenda kwa fundi sikumuuliza tena jiko linachukua mishikaki mingapi. Nilimuuliza: moshi unatoka wapi, na tunaupunguza vipi?

Fundi huyu ni kijana, lakini moto anaujua. Akaniambia moshi mwingi wa mishikaki hautoki kwenye makaa, unatoka kwenye mafuta. Mafuta ya kondoo yakidondokea kaa la moto yanageuka moshi palepale, na wakati mwingine yanawaka na kuichafua nyama kwa masizi. Kuni ndizo kabisa, akasema, hizo waachie wenye mashamba. Basi tukakubaliana hivi: pipa la lita 200, lenye urefu wa sentimita themanini na kitu, lipasuliwe kwa urefu, nusu moja iwe jiko na nusu nyingine kifuniko chenye bawaba. Makaa yakae pande mbili, na katikati lipite karai jembamba lenye maji kidogo. Nyama yenye mafuta inakaa juu ya karai, inaiva kwa joto la pembeni likiwa limefunikwa, halafu dakika za mwisho ndiyo unaisogeza juu ya makaa ipate rangi. Matundu ya hewa mawili chini, moja juu, yenye vifuniko vya kusogeza. Miguu ifike kiunoni kwa mtu mzima, ili watoto wasifikie.

Mambo mawili aliyakataa. Nilitaka wavu wa waya unaong'aa kwa sababu ni mzuri machoni. Akasema ule mng'ao ni zinki, ikipata moto mkali inatoa mvuke unaougua watu, mafundi wa kuchomelea wanaujua vizuri kwa homa yake. Tukatumia nondo tupu. Na pipa akachagua lililokuwa na mafuta ya kula, si la petroli wala la dawa, akaliosha, kisha akawasha ndani yake moto mkubwa mpaka rangi yote ikaungua, kabla halijaingia nyumbani kwangu.

Makaa nayo nilijifunza kuyachagua. Mengi yetu ni ya mikaratusi, yanashuka kutoka milimani kwa malori na kwa wale vijana wa baiskeli wenye mioyo ya chuma. Kaa lililoiva ukiligonga linalia kama kigae. Lililo zito na lisilolia halijaiva, hilo litakutolea moshi kama kuni. Na tafadhali tuache kuwasha kwa mifuko ya plastiki. Majani makavu yanatosha. (Vijana mnaopanga vyumba, kwa kuwa tumetaja makaa: msiingize imbabura chumbani usiku wa mvua na kufunga mlango. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, sumu yake haina harufu, na mtu hulala asiamke.)

Likabaki jambo la upepo. Hapa Bujumbura kila mtu anaujua ila hatuufikirii: mchana unatoka ziwani kwenda milimani, usiku unageuka, unashuka milimani kwenda ziwani. Nyumba ya Bibi iko upande wa milima. Maana yake sisi tuliokuwa tunachoma baada ya Adhuhuri tulikuwa tunamtumia moshi moja kwa moja dirishani. Tukahamisha jiko kona ya pili ya ua, na tukahamisha na saa. Mchana wa Idi tulikula pilau na maini, mishikaki ikangoja mpaka baada ya Isha, upepo ulipokwisha kugeuka. Watoto walinung'unika, na wageni wawili waliondoka bila kuionja.

Kabla ya kuwasha nilimtuma mwanangu kwa Bibi amwambie kwamba tunaanza, na akiona shida atume mtu, tutazima. Hakutuma mtu. Nilichungulia ukutani mara tatu nne, nikaona dirisha lake liko wazi na taa inawaka.

Sahani ilirudi asubuhi, na kwetu sahani hairudi tupu: ilikuwa na maparachichi manne. Binti alileta na ujumbe. Bibi anashukuru, nyama ilikuwa laini, ila pilipili ilizidi, anaomba mwakani tumtilie papai zaidi na pilipili tupunguze. Mama watoto ameshaandika.