Kichwa cha Mpagazi

Mtu mzima akionekana amekaa mezani na askari wadogo wa kuchezea, watu humcheka. Sisi tumechekwa miaka ishirini, na tumezoea. Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja. Tulizaliwa Kalemie, kando ya ziwa Tanganika, na sasa twakaa Ubelgiji, katika mji wa Liège. Mkubwa ni fundi wa umeme, mdogo ni mwalimu. Jumamosi jioni, wenzetu wakienda kutazama mpira, sisi twatoa kisu, gundi na rangi, twakata vichwa. Msishtuke! Vichwa hivyo si vikubwa kuliko punje ya mtama.

Kwanza yafaa tuwaelezee mchezo wenyewe. Juu ya meza kubwa watu hufanyiza nchi ndogo: vilima, mito, njia na nyumba. Kila upande una jeshi lake la askari wadogo. Mwendo wao hupimwa kwa rula, na nguvu ya bunduki zao huamuliwa kwa dadu. Mchezo huu haukuanza kwa watoto. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prusia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake namna ya kupigana vita juu ya ramani, ili maofisa wajifunze bila kumwaga damu. Baadaye, mwaka 1913, Mwingereza H. G. Wells, mwandishi wa vitabu, alitoa kitabu chenye sheria za vita vidogo vya sakafuni. Bwana huyu alikuwa amekwisha lalamika tangu mwaka 1911 kwamba maduka yauza askari wengi mno, wala hayauzi waokaji mikate, wachinjaji na watu wengine wa mjini. Lalamiko hilo tulilisoma tukacheka. Hatukujua kwamba siku moja litatuangukia sisi wenyewe.

Zamani askari hawa walifanyizwa kwa risasi. Katika lugha yetu madini hayo na kitu kitokacho katika bunduki vina jina moja, nasi twaona kwamba jina lawafaa. Tangu mwaka 1893 kampuni ya Britains ya Uingereza iliwafanyiza wakiwa na uwazi ndani, ili wawe wepesi na bei yao ipungue. Lakini shingo zao zilivunjika upesi. Mtoto aliyevunja askari wake alichukua kijiti cha kibiriti, akakitia ndani ya shingo, akarudisha kichwa mahali pake. Ufundi wetu ni ule ule, ila sisi haturudishi kichwa cha kwanza. Twatia kingine.

Kwa nini tubadili kichwa? Kwa sababu askari hujulikana kwa kofia yake. Ukitazama kiwiliwili tu, koti ni koti na mkanda ni mkanda. Tena maduka huuza zaidi majeshi yenye sifa kubwa. Mwenye kutaka jeshi ambalo dukani halipo, afanye nini? Achukue mwili wa huyu na kichwa cha yule.

Kazi yenyewe ni hivi. Mlaze mtu wako juu ya ubao, usimkate ukiwa umemshika hewani. Mkubwa wetu alifanya hivyo mara moja, na kovu lingali katika kidole gumba chake. Tena angalia mahali pa kukata. Wanaoanza hukata katikati ya shingo, halafu hushangaa mbona askari ana shingo ya twiga. Ukate chini, pale ukosi wa koti unapogusa shingo, ili ukosi ufiche alama. Kichwa kipya nacho ukiachie shingo ndefu kidogo kuliko inayotakiwa; kupunguza ni rahisi, kuongeza ni taabu.

Sasa chukua keekee ndogo ya mkono, yenye ncha nyembamba. Toboa tundu katika kiwiliwili, na jingine katika kichwa. Humo utie kipande cha waya wa shaba. Hata waya wa kubania karatasi wafaa. Wengine huona taabu, wakatia gundi peke yake. Siku ya tatu vichwa vimelala mezani kama maembe yaliyoanguka, kwa maana plastiki laini ya askari wa bei ndogo haishiki gundi vizuri. Waya ndio mfupa wa shingo.

Kabla gundi haijakauka, geuza kichwa kidogo. Hapo ndipo penye utamu wa kazi. Askari wote wakitazama mbele huonekana kama misumari iliyopigwa katika ubao. Lakini mmoja akimtazama mwenzake, mwingine akitazama chini anapokanyaga, mara wote wapata uhai. Pengo likibaki shingoni, lizibe kwa udongo wa namna mbili unaochanganywa. Hukauka ukawa mgumu kama jiwe. Na kama askari wako ni wa risasi ya zamani, usile mezani pale, usivute vumbi la tupa, unawe mikono vizuri. Risasi ni sumu hata isipotoka katika bunduki.

Basi, miaka michache iliyopita wenzetu wa chama cha mchezo walitaka kucheza safari ya Tabora. Wazee wa Kongo walioijua safari ile kwa macho yao wamekwisha kufa, kwa hiyo tuikumbushe. Katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Yalipita Rwanda na Burundi, yakafika Kigoma, na tarehe 19 mwezi wa tisa yaliingia Tabora. Maofisa walikuwa Wazungu. Askari walikuwa watu wa kwetu.

Wenzetu walitugeukia sisi. Wakasema: «Ninyi ni wana wa nchi ile, na mikono yenu ni hodari. Tufanyizieni askari wa Kongo.» Tulifurahi sana. Miili tuliichukua kwa askari wa Waingereza wa jangwani wa mwaka 1942, kwa sababu wamevaa kaptula. Vichwa tulivipata kwa Wazuavu wa vita vya Marekani vya mwaka 1861 mpaka 1865, kwa sababu wao huvaa tarbushi. Picha za zamani zaonyesha askari wengi wa Kongo wakienda miguu mitupu, basi tulikwangua viatu vyote kwa kisu, tukachonga vidole. Pua na midomo tuliitengeneza kwa ncha ya sindano na udongo, maana rangi nyeusi peke yake haimgeuzi Mmarekani kuwa Mkongo. Miezi minne tulikata na kubandika. Tulimaliza askari 60.

Na wapagazi? Sheria ya mchezo ilisema kila kikosi kiwe na mizigo yake. Mizigo ile tuliikata sisi wenyewe katika karatasi ngumu: vipande vya mraba vyenye herufi moja juu yake. Kazi ya nusu saa.

Jumapili tulimpigia simu baba, aliye Kalemie. Umri wake umepita miaka 80, lakini macho yake ni mazima. Tulimpelekea picha za wale 60. Alizitazama kimya, halafu akauliza:

«Na babu yangu yuko wapi?»

Tulisema: «Baba, hatukujua kwamba babu yako alikuwa askari.»

«Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Walimchukua kijijini, akabeba sanduku la risasi mpaka Tabora. Alirudi na shingo isiyogeuka. Mimi nilipokuwa mtoto, ukimwita kwa nyuma, alikuwa hana budi kugeuka mwili mzima, kama mlango. Wenziwe watatu wa kijiji hawakurudi. Sasa niambieni, ninyi mmemweka wapi?»

Tulitazamana. Mdogo akajibu: «Baba, yuko kwenye karatasi.»

Baba hakukasirika. Alisema tu, «Ah,» akauliza habari za watoto.

Usiku ule hatukugusa kisu. Tulikuwa tumesoma vitabu vingi juu ya safari ile, na katika vitabu hivyo mlikuwa na habari za wapagazi. Tulijua kwamba njia za magari hazikuwapo, na kwamba mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Tulijua kwamba upande wa Wabelgiji peke yao ulitumia wapagazi zaidi ya 200,000, na kwamba maelfu walikufa njaani, kwa baridi ya milimani na kwa tumbo la kuhara. Yote hayo tuliyajua. Hata hivyo mikono yetu ilikata karatasi. Kwa askari tulitumia miezi minne, kwa babu yetu nusu saa. Bwana Wells alilalamika kwamba maduka hayauzi ila askari; sisi tuliokuwa na kisu mkononi tulifanya kama maduka.

Jumamosi iliyofuata tulianza upya. Duka halikuwa na wapagazi, lakini tulikumbuka kwamba katika kila sanduku la askari yumo mmoja anayerusha bomu la mkono. Mkono wake umeinuka juu ya kichwa. Tuliondoa bomu, na tazama, mkono ule ukawa mkono wa mtu ashikaye mzigo! Bunduki tuliziondoa, na mikanda pia. Vichwa vilivyosalia tulivivua kofia kwa wembe, tukavifanya mviringo. Juu ya kila kichwa tulizungusha uzi ukawa kata, na juu ya kata tukaweka sanduku la kijiti cha kibiriti. Wenzetu wa chama walituletea warusha mabomu wao wote. Tulifanyiza wapagazi 120, wawili kwa kila askari, nasi twajua kwamba bado ni wachache mno.

Siku ya mchezo wapagazi walijaza njia toka ukingo wa meza mpaka katikati. Mzee mmoja wa chama alinung'unika: «Huu si mchezo wa vita, ni mchezo wa msafara.» Lakini wapagazi wake walipokosa chakula, askari wake walisimama zamu tatu bila kupiga hata risasi moja. Akawatazama, akasema polepole: «Basi vita vilikuwa hivi.» Jioni ile hatukufika Tabora, wala hakuna aliyetaka karatasi zirudi.

Mpagazi mmoja hakuwekwa mezani. Wote tuliwageuza vichwa kidogo, kama tulivyowaeleza, mmoja kushoto, mwingine kulia. Huyo mmoja tulimbandika kichwa akitazama mbele moja kwa moja. Tulimfunga katika pamba, tukampa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Kalemie. Baba amemweka juu ya redio yake. Mgeni akiuliza kitu gani hiki, baba humwambia jina la babu yake, na kijiji chake, na majina ya wale watatu wasiorudi. Sisi wenyewe, kabla ya hapo, hata jina moja hatukulijua.

Wasomaji, kama kwenu yuko mzee, nendeni mkamwulize nani katika ukoo wenu alibeba mizigo, na alipelekwa wapi. Mwulizeni leo, angali ana nguvu za kujibu.