Kiswahili cha Kaaka

Bibi yangu anajua maneno machache sana ya Kiswahili. Karibu yote alifundishwa na askari, na moja nilimfundisha mimi. Insha hii ni shukrani yangu kwake kwa namna alivyolitumia hilo moja.

Natoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye vilima vya Kabale ambako mashamba yamekatwa matuta kuanzia bondeni hadi kileleni. Bibi, ambaye kwa Rukiga tunamwita kaaka, ndiye aliyenilea. Siku nilipomwambia kwamba nimepata nafasi ya kusomea Kiswahili chuo kikuu, aliacha kumenya viazi akanitazama.

"Lugha ya askari?" akauliza.

Wenzangu mnaotoka nchi nyingine huenda mkashangaa. Kwetu Uganda, katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikaifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini katiba haifuti kumbukumbu. Wazee wengi waliisikia lugha hii mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki.

Kaaka aliisikia hivyo mwaka 1977. Alikuwa ndani ya basi pamoja na kaka yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipia karo. Basi likasimamishwa kwenye kizuizi. "Toka nje! Lala chini!" Abiria wote wakalala kifudifudi kando ya barabara. Kisha askari mmoja akamgusa kaka yake kwa ncha ya kiatu. "Wewe, panda gari!" Hakuonekana tena. Mpaka leo ukoo wetu hauna kaburi lake. Kaaka naye akaacha shule.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, alitoroka na mkewe wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kivengere alirudi nyumbani akaendelea kuhubiri msamaha. Kaaka alikwenda kumsikiliza siku moja. Ananiambia kwamba alikasirika, akaondoka kabla ya mahubiri kwisha.

Ilimchukua miaka. Kaaka ni mmoja wa balokole, yaani waliookoka, watu wa ule uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukavuka mpaka hadi kwetu. Desturi yao ni kusimama mbele ya wenzao na kuungama waziwazi, na kama uliiba kitu, kukirudisha kwa mwenyewe. Siku moja kaaka alisimama katika mkutano wao akasema kwamba amechoka kumbeba yule askari mgongoni, na kwamba kwa neema ya Yesu anamtua. Hayo yote sikuyajua siku ile ya viazi. Nilidhani tu kwamba atanikataza.

Hakunikataza. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hicho Kiswahili, mtu akitaka kumwambia mwenzake kwamba amemsamehe, husemaje?"

"Nimekusamehe," nikamjibu.

Alilirudia mara tatu au nne, kisha akaendelea kumenya viazi. Wiki mbili baadaye alimuuza ng'ombe wake. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. Alinikabidhi shilingi 1,400,000 zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa chake cha kichwani, akaniombea, nikapanda basi la Kampala.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Nililipa nusu ya karo. Nusu nyingine nilibaki nayo, kwa sababu tuliruhusiwa kuimaliza kabla ya mitihani. Bwenini tulikuwa tukibeti mechi za mpira kwa simu. Nilianza na shilingi 5,000, nikashinda 40,000. Nikajiambia kwamba nitaziongeza kidogo tu, ninunue kompyuta, na kaaka asijue hata alivyonisaidia mara mbili. Katika muda wa wiki tatu fedha zote zilikwisha. Jina langu halikuwamo katika orodha ya walioruhusiwa kufanya mitihani. Muhula ukapotea. Kila Jumapili kaaka aliponipigia simu nilimwambia kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Nilirudi nyumbani Desemba. Zizi lilikuwa tupu, na ndani yake kaaka alikuwa amepanga kuni. Alinikaribisha kwa chai ya rangi, akaniomba radhi kwamba siku hizi hakuna maziwa. Nilishindwa kuinywa. Nikapiga magoti palepale jikoni nikamweleza kila kitu: fedha, simu, mitihani, na uongo wa kila Jumapili.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliinuka akatoka nje, akakaa kwenye mlango wa zizi mpaka giza likaingia. Mimi nilibaki jikoni nikiutazama moto unavyozimika. Aliporudi aliuchochea, akanipakulia chakula, kisha akasema, "Ng'ombe ameenda. Siwezi kusema kwamba hajaenda. Nimeumia." Akanyamaza. Halafu, kwa Kiswahili, polepole, silabi moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akasema, "Ni-me-ku-sa-me-he."

Nililia sana. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakulisema kwa Rukiga. Ndipo aliponisimulia habari za basi na kaka yake, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Yule askari nilimsamehe zamani, lakini kwa lugha yetu, ambayo yeye asingeielewa. Nilitaka nilijue neno lake, nikikutana naye nimwambie. Sasa nimezeeka, sitakutana naye tena. Nikaona nikupe wewe."

Wanafunzi wenzangu, nimekwenda kanisani tangu utotoni. Nilijua kueleza kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, na kwamba akiwa msalabani aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Niliyasema hayo kama mtu anavyotaja herufi za alfabeti. Nilidhani kusamehe ni kusema, "Hakuna neno, yamepita." Usiku ule nilielewa kwamba deni linaposamehewa halipotei hewani. Kuna anayelibeba. Mwaka mzima kaaka alikunywa chai bila maziwa, na yale maziwa aliyoyakosa ndiyo bei ya msamaha wangu. Nikielewa hilo kuhusu ng'ombe mmoja wa Kabale, naanza kuelewa kidogo kuhusu msalaba.

Likizo ile nilifyatua matofali kwa jirani. Nilipopata shilingi 200,000 nilimpelekea kaaka ili nianze kumlipa. Alizipokea, akazihesabu, akanirudishia zote. "Hizi ni karo yako," akasema. "Deni langu nimeshalifuta. Ukinilipa, utakuwa umeununua msamaha wangu, nami sikuuweka sokoni." Nilirudi chuoni kwa fedha hizo na nyingine nilizozipata kwa kazi kama hiyo. Nilichelewa muhula mmoja nyuma ya wenzangu, na hilo lilikuwa haki yangu. Programu ya kubeti niliifuta kwenye simu. Bado kuna Jumamosi ambazo mkono huwasha. Siku hizo humpigia kaaka simu.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Mimi nilikwisha kutoa mateke, sasa natafuta namna nyingine ya kushukuru. Mwaka huu, katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa somo la vitenzi vya kuamrisha kwa darasa ambalo halijawahi kusoma Kiswahili. Nilikaa usiku mzima nikichagua amri za kuanzia. Asubuhi niliandika ubaoni: Karibu. Kaa. Kula. Pumzika. Mwalimu msimamizi aliniuliza kwa nini sikuanza na "simama" na "toka", ambazo ni rahisi kuigiza darasani. Nilimjibu kwamba hizo nitazifundisha wiki ijayo.

Kuna watoto katika darasa lile ambao bibi zao pia waliisikia lugha hii wakiwa wamelala chini. Nataka wakirudi nyumbani jioni wawasalimie kwa neno "karibu". Hilo ndilo ninaloweza kumpa kaaka, na Mungu aliyemfundisha kusamehe.