Bibi Anaumwa, Nendeni Mkamjulie Hali

Kazi yangu imefuata kalenda ya korosho. Minada ikifunguliwa Oktoba, fedha huingia mikononi, pikipiki mpya zikaonekana barabarani na ngoma zikalia vijijini. Ikifika Machi fedha zimekwisha, mawingu ya masika yametanda, na mabinti wameanza kubisha hodi. Wengine ni watu wazima wenye watoto tayari, wengine bado wana sare za shule. Kila mmoja ana mimba asiyojua aipeleke wapi.

Nilizaliwa Nyangao, jirani na misheni ya Wabenediktini iliyochomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905, kisha ikajengwa tena. Nilisomea uuguzi na ukunga Ndanda, nikaajiriwa na Serikali, nikapangiwa Kilwa. Wakristo wa Kilwa wakati huo tulikuwa watu wa kuja: walimu, polisi, manesi, mabwana shamba. Padri alifika kwa zamu. Lami haikuwapo, na Mto Mbwemkuru ukifura, Kilwa na Lindi zilikuwa kama nchi mbili. Jambo likikufika, ulilimaliza na majirani zako, na majirani zangu karibu wote walikuwa Waislamu.

Huduma hii ya kuwapokea mabinti wenye mimba haikuanzia kwenye mkutano wala semina. Ilianzia wodini, kwa wanawake waliofikishwa usiku wakivuja damu baada ya kunyweshwa mizizi na mtu ambaye hawakumtaja jina. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150 hadi 152, inafanya kutoa mimba kuwa jinai: hadi miaka 14 jela kwa anayemtoa mwenzake mimba, hadi 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kwa hiyo walikuja wamechelewa, wakiwa na hadithi ya kuteleza kisimani na ndoo kichwani. Hadithi hiyo niliizoea, sikuidadisi. Nesi anatibu kwanza. Lakini kila nilipobadilisha shuka niliona kwamba wodi ndiyo mwisho wa safari ndefu, na njiani mgonjwa amepita milango mingi iliyofungwa. Nikaamua niwe mlango mmojawapo, tena ulio mwanzoni mwa njia.

Wengi wao hawakumchukia mtoto. Walichoogopa ni shule, baba na njaa. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi mjamzito kufukuzwa, na mara nyingine ni sisi manesi tulioitwa shuleni kupima wasichana wa darasa zima. Msichana aliyejua kipimo kinakuja wiki ijayo hakuwa na muda wa kusikiliza mahubiri. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliowaruhusu waliokatiza masomo warudi shuleni, umeokoa mimba nyingi kuliko maneno yangu yote. Nawaambia hivyo hata wale wenzangu wa kanisani wanaodhani kuwa kumrudisha msichana shule ni kumpongeza.

Kuhusu baba, nilijifunza kumpita pembeni. Sisi Wamwera, kama walivyo Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli nzito. Pwani dini imeleta ukoo wa baba, lakini nyumba nyingi zina asili zote mbili. Nakumbuka nyumba moja upande wa Singino ambako baba alikuwa ameshatupa sanduku la bintiye uani. Sikumsemesha. Nikaenda kwa mjomba, mzee mvuvi, nikamkuta kibarazani anashona wavu. Nilieleza yote. Hakuinua macho. Akafunga jicho moja la wavu, akafunga la pili, nikadhani hajanisikia. Kisha akauliza, “Mwezi wa ngapi?”

“Wa nne.”

Akakata uzi kwa meno. “Basi aje hapa. Mpwa wangu hawezi kuzalia njiani.”

Na mwenzangu wa kweli kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, sasa marehemu. Tulitofautiana. Yeye alinieleza hesabu ya wanazuoni, kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Mimi Kanisa langu linanifundisha kulinda uhai tangu mimba inapotungwa. Hatukupoteza jioni zetu kwa hilo. Binti akifika, yeye aliwaendea akina baba, mimi nikawaendea akina mama, halafu tukatafuta unga.

Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II alitoa waraka wake wa Injili ya Uhai, *Evangelium Vitae*. Tulipousoma katika jumuiya, wenzangu walivutiwa na kurasa za mimba. Mimi nilishangazwa na sehemu inayohusu wazee: kwamba mzee si mtu wa kutunzwa tu, ana mchango wake katika kuutetea uhai. Nilikuwa bado na nguvu za kupanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani na kurudi siku hiyo hiyo, basi nikaona ni maneno ya kuwafariji wakongwe. Siku hizi nayasoma kama maelekezo ya kazi.

Serikali ilinistaafisha nilipotimiza miaka 60. Mwili ulifuata baadaye. Kwanza ikaja presha, kisha mtoto wa jicho, ambaye niliondolewa katika hospitali ya misheni. Kilichoisumbua zaidi huduma ni magoti. Asiyeijua pwani hataelewa. Mazungumzo ya siri huku hufanyika mkekani, watu wameketi chini, miguu imekunjwa, mmoja anachambua mchele ili mikono isikae bure. Magoti yalipokataa mkeka nikawa naletewa kiti. Nikiwa juu ya kiti na binti yuko chini, mara nimegeuka afisa na yeye mshitakiwa. Anajibu “ndiyo, bibi” na “hapana, bibi”, kisha anaaga bila kusema kilichomleta.

Dawa ya jambo hilo sikuitafuta, ilikuja na ugonjwa. Msimu mmoja wa kusi nililala wiki kadhaa, nikawekewa kitanda cha kamba uani chini ya mwembe. Mabinti wakaja kunitazama. Mmoja aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akanikanda miguu, na huku anakanda, ananipa mgongo, akasema kila kitu. Macho yake hayakukutana na yangu hata mara moja. Nilipopata nafuu sikukiondoa kitanda. Huku kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu usiohitaji maelezo. Msichana akionekana anaingia kwa nesi, mtaa mzima unahesabu miezi. Akionekana anaingia kwa kikongwe mgonjwa na bakuli la uji, watu wanamwita mwenye adabu. Ujana haukuwahi kunipa kificho kizuri namna hiyo.

Hata simu zimeingia humo humo. Ujumbe wa wazi ni hatari, kwa sababu kaka mtu anashika simu ya dada yake anapotaka. Kwa hiyo ukiona namba ngeni imeandika “Bibi anaendeleaje?”, ujue ni mtu anayetaka kuja. Jibu ni “Bibi anaumwa, njooni mumjulie hali,” na saa.

Lakini si haki kuupamba uzee. Nasahau majina. Kwa miaka yote sikuandika kitu, maana daftari linaweza kusomwa na asiyehusika, na sasa daftari langu la kichwani linachanika kurasa. Usiku mtu akija na uchungu, siwezi tena kupanda bodaboda kumsindikiza hadi hospitali ya Kinyonga. Na mimi niliyekuwa nikiwaambia wengine kwamba hakuna binadamu aliye mzigo, nilipoanza kuchemshiwa maji ya kuoga nililia kwa aibu. Anayenichemshia ni mama mmoja ambaye zamani alifika mlangoni kwangu kama hao wa leo. Aliniambia nimwachie naye afanye kazi. Nikanyamaza, nikaoga.

Nimewaachia huduma wanawake wawili. Mmoja ni nesi kijana, mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hodari na msiri. Mwingine ni msusi. Jumuiya walishangaa: msusi? Nikawaambia kwamba msichana hukaa mbele ya msusi kwa saa nne kichwa kimeinama, na mengi hutoka humo. Tatizo ni kwamba watu hawaamini mtu kwa sababu umeandika barua ya kumtambulisha. Shamba la mikorosho unaweza kumrithisha mwanao kwa siku moja, lakini kuaminiwa hakurithishwi hivyo. Kwa hiyo tukapanda bajaji nyumba kwa nyumba, kwa akina mjomba na makungwi, nikawa nakaa kimya na wao wakiongea. Kukaa kimya kuliniuma kuliko magoti.

Mei 2024, mafuriko yaliyokuja na kimbunga Hidaya yalipoikata barabara kuu wilayani Kilwa, sikuweza kutoka nje ya uzio. Binti mmoja alishikwa na uchungu siku hizo hizo, kwao wamemfungia mlango. Nilikuja kuambiwa baadaye, mtoto ameshakatwa kitovu na mjomba ameshalainika. Hakuna aliyekuwa amenipigia simu kuuliza afanye nini. Nilikasirika kidogo, nikamshukuru Mungu sana.

Wazee wenzangu wa huduma kama hii, iwe Lindi, Mtwara au kwingineko, huniuliza nimewezaje kuendelea. Nawajibu kwamba sikuendelea na kazi ile ile. Ile ya kutembea imekwenda na miguu. Iliyobaki ni ya kutembelewa, na hiyo nayo inataka mtu aliye tayari kuonekana dhaifu. Kama bado mnaweza kutembea, anzeni kuwapeleka vijana kwa akina mjomba leo, kabla majina ya nyumba hayajawatoka. Na siku mtakapolazwa kitandani, kitoeni kitanda nje, uani, mahali ambapo mtu mwenye shida anaweza kufika bila kuulizwa amefuata nini.