Goba: Penzi la Mita 15 kwa 9

Kutoka Mwenge unafuata Barabara ya Bagamoyo, ukifika Tangi Bovu unakata kushoto, na hapo jiji linaanza kupanda vilima. Goba siyo mbali kihivyo, ila foleni ya Jumamosi jioni itakufanya ujute kutoka nyumbani. Mimi na mume wangu tulifika saa kumi na moja tukiwa tumenuniana. Kisa? Nani alisahau kuweka mafuta kwenye gari. Mwenyeji wetu ni shoga yangu wa tangu chuo. Nilijua kuna nyama choma. Sikujua kuna uwanja.

Unazunguka nyumba, unapita tangi la maji na kamba za nguo, halafu unakutana nao: sakafu ya zege iliyopakwa rangi ya kijani, mistari myeupe, nguzo moja ya chuma, ubao na ringi yenye wavu. Mita 15 kwa 9, ukuta pande tatu. Mstari wa pointi tatu, ambao kisheria uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, umekatwa na ukuta kulia na kushoto. Unarusha za mbele tu, basi.

"Hapa palikuwa pawe vyumba viwili vya kupangisha," shoga akaninong'oneza.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo utamu ulipo. Hawa wawili nusura waachane kwa sababu ya hiki kipande cha ardhi. Yeye alishapiga hesabu ya kodi na ada za watoto. Shemeji naye alikuwa anataka kikapu. Unajua tena, tangu Hasheem Thabeet achaguliwe namba 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, wanaume wa rika letu waliokuwa wakidunda mpira pale Don Bosco Upanga wote watakuambia, "Mimi nilikuwa nakaribia." Lakini shemeji alikuwa na hoja nyingine, na aliisema siku moja tu: "Kila wikiendi niko baa kwa sababu nyumbani sina cha kufanya na nyie." Shoga alilia. Kisha akakubali, kwa shingo upande.

Fundi wa kwanza akawaingiza mjini. Alimwaga zege lote siku moja juani, unene sentimita 10, bila kuligawa vipande, halafu akasema atarudi kumwagilia maji. Hakurudi. Ndani ya wiki nyufa zilikuwa zimepita kama ramani ya mito. Kwa eneo lile unahitaji zege mita za ujazo 13.5, yaani mifuko 90 hivi ya saruji. Piga hesabu mwenyewe machungu yake. Sehemu kubwa ikavunjwa.

Awamu ya pili wakamtafuta fundi anayejua kazi. Akashindilia udongo upya kwa mashine na kuweka moramu. Akapima mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ili maji ya masika yasituame. Akagawa zege kwa viungio kila mita 3, maana zege likikauka husinyaa, na usipolichagulia pa kupasukia litajichagulia lenyewe. Akaondoka na sharti moja: maji asubuhi na jioni, siku 7 zisipungue.

Siku ya pili shemeji akaitwa kazini, safari ya Mwanza, wiki nzima.

"Nilikuwa nimenuna," shoga aliniambia huku akigeuza nyama. "Lakini zege halijui kama umenuna." Akatandika magunia, akavuta mpira wa maji kabla ya kwenda ofisini na aliporudi. Bomba lilipokauka akaita boza kwa hela yake. Hakumwambia mumewe. Shemeji alirudi usiku wa manane, akazunguka nyuma na tochi, akakuta magunia yamelowa. Alipoingia chumbani hakusema kitu, alimkumbatia tu mkewe.

Na wewe kama una uwanja wa nyuma wenye nafasi, zingatia haya kabla hujaita fundi. Elekeza uwanja kaskazini na kusini, jua la jioni lisiwapige machoni. Ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, na nguzo ichomekwe kwenye msingi wake wa zege, tena bomba lililopakwa zinki, maana hewa ya bahari haina huruma na chuma. Nafasi ikiwa kama ya kwao, chora na mpira wa vinyoya humohumo, unahitaji mita 13.4 kwa 6.1 tu. Rangi isubiri zege likomae, siku 28. Na ongea na jirani mapema! Wao walisahau. Mzee wa upande wa pili alipogonga geti kulalamikia kelele, wakaelewana kwamba mpira mwisho saa mbili usiku, na Jumapili wajukuu zake waje kucheza.

Giza lilipoanza kuingia, shemeji akafunga wavu wa vinyoya katikati. Mume wangu akavua viatu vyake vya ngozi, akakunja suruali. Tulicheza wawili kwa wawili, tukafungwa vibaya sana. Nilianguka, akaja kuninyanyua akiwa anacheka, na ya mafuta yakaishia pale.

Njiani kurudi akauliza, "Hivi nyuma kwetu panaweza kutoka mita ngapi?"

Nikamkumbusha kwamba tumepanga, ghorofa ya tatu. Tukacheka mpaka Mwenge.