Mgongo wa Mlima

Mzee jirani yangu hapa mtaani Sanawari hajaona tangu azaliwe. Mchana mmoja tukila pamoja, maongezi yalitufikisha kwenye Mlima Meru, ambao siku hiyo ulikuwa umevua mawingu. Nikataja mita 4,562, nikahisi tarakimu hazimfikishi popote. Maneno yaliponiishia nilikata tonge kubwa la ugali, nikalifinyanga kilele, nikamtia mkononi.

"Ndio huo, mzee."

Aliuzungusha polepole, vidole vikipanda na kushuka. "Na huku nyuma, mwanangu, nako kuko hivi hivi?"

Nikajibu bila kusita: hivi hivi.

Kumbe sivyo. Ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka zamani sana, kreta ikabaki wazi kuelekea Momela. Nami miaka yote nimeutazama mlima nikiwa mjini, kusini yake, nisijiulize mgongo wake ukoje. Jicho langu liliridhika na uso. Mkono wa mzee haukuridhika mpaka uzunguke.

Jicho na mkono si fumbo langu peke yangu. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimwandikia mwanafalsafa John Locke swali: aliyezaliwa haoni, akazoea kutambua tufe na mchemraba kwa kugusa, siku akipata kuona atavitofautisha kwa kutazama tu? Jaribio lililochapishwa 2011, la watoto na vijana watano wa India waliotibiwa macho, lilionyesha kwamba mwanzoni kutazama hakukuwapa walichokijua mikononi, ingawa walijifunza upesi. Swali hilo nikajigeuzia: nikifungwa kitambaa machoni, mlima wangu nitautambua kwa kitu gani? Mzee anao miguuni, njia ya Ilboru inapoanza kukaza misuli. Anao kwenye baridi ya Julai, na kwenye mto unaobadili sauti mvua ikinyesha huko juu.

Au pengine hata haya nayasema ili yanipendeze mimi. Sijamuuliza kama vyote hivyo kwake vinaungana kuwa mlima mmoja.

Nilirudi kukiri kosa. Akacheka, akadai tonge jingine. Nikalibomoa ubavu, akalipapasa kwa muda.

"Sasa huu mlima au kiti?"

Nilitaka kumjibu haraka, kama siku ile. Safari hii nikanyamaza, nikafumba macho, nikanyoosha mkono nami niuguse.